Vijana Wetu na Sinema ya Mfu Aliyerudi kwa Mpenzi Wake

Mwalimu mmoja wa kipaimara wa huku Ufipa ametuuliza neno ambalo twaona lawapasa wazazi wote kulifikiri. Vijana wake waliipata katika simu sinema ya zamani iitwayo Ghost, jina ambalo maana yake ni mzuka, wakamwomba waitazame pamoja naye. Mwalimu aliogopa kukubali, akaogopa pia kukataa, kwa kuwa ajua ya kwamba wakikataliwa wataitazama gizani peke yao. Je, yafaa?

Kwanza tueleze hadithi yenyewe, maana si haki kuhukumu jambo kabla ya kulisikia. Sinema hiyo ilitengenezwa Marekani, ikatoka mwaka 1990, na mwongozaji wake ni Jerry Zucker. Kijana Sam, mfanyakazi wa benki katika New York, auawa njiani usiku machoni pa mpenzi wake Molly, mfinyanzi, ambaye wakaa naye nyumba moja pasipo ndoa. Roho yake haiendi zake. Yabaki karibu na Molly, yamwona na kumsikia, lakini yeye haioni wala haisikii. Kisha Sam atambua ya kuwa aliyemtuma muuaji ni rafiki yake mwenyewe, kwa ajili ya fedha, na ya kuwa Molly naye yumo hatarini. Ndipo amwendea mwanamke mmoja, Oda Mae Brown, ambaye kazi yake ni kuwaita wafu kwa malipo, ili apate kusema na Molly kwa kinywa chake. Whoopi Goldberg, aliyeigiza mwanamke huyo, alipewa tuzo ya Oscar, na kwa kweli aliistahili.

Huko Marekani sinema hii ilitiwa alama ya kuwaonya wazazi wenye watoto walio chini ya miaka 13. Kwetu nasi iko Bodi ya Filamu, ambayo kwa sheria ya mwaka 1976 hukagua filamu na kuzipanga kwa umri wa watazamaji. Ni kazi njema. Lakini wakaguzi wa kila nchi hutazama zaidi yale yanayoonekana kwa macho: mahaba, damu, matusi. Wazazi wetu nao huuliza hayo hayo. Basi twajibu upesi: mahaba yamo, hasa pale penye udongo wa kufinyangia, damu imo, na maneno machafu yamo. Hayo yatosha kumzuilia mtoto mdogo. Lakini kwetu sisi watu wa Ufipa shida kubwa haiko hapo.

Iko kwa Oda Mae. Mwanzoni sinema yamwonyesha kuwa mwongo mtupu. Wenye huzuni waja nyumbani kwake, atoa sauti za ajabu, ajifanya kusikia wafu, apokea fedha. Watu hucheka sana hapo, na kicheko hicho ni mafundisho. Sisi tungependa kila kijana wa kipaimara akione. Kisha ghafula yule mwongo aanza kusikia kweli! Ramli ambayo dakika chache nyuma ilikuwa hila, sasa ndiyo njia ya pekee ya kumwokoa Molly. Hata mwisho Sam amwingia mwanamke huyo mwilini ili apate kumkumbatia mpenzi wake.

Mtoto wa New York aweza kuyaona hayo, akacheka, akaenda kulala. Lakini mtoto wa kwetu, aliyefiwa na baba, akawasikia wajomba wakinong'ona usiku juu ya kwenda kuuliza ni nani aliyemloga marehemu, atayapokeaje? Hata jina la mji wetu, Sumbawanga, wazee hulieleza kuwa ni neno la kumwamuru mtu atupe uchawi wake. Hapa swali la kuwauliza wafu si mchezo. Mwaka 2015 Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli kwa ajili ya mauaji ya watu wenye ualbino, na mkoa wetu wa Rukwa haukuokoka na mashambulio hayo. Vikongwe nao wamepoteza maisha nchini kwa neno moja tu la mpiga ramli.

Tena kuna jambo la tafsiri. Katika vibanda vya video sinema za kigeni hufasiriwa kwa sauti ya mtu mmoja, naye huongeza chumvi apendavyo. Akimwita Sam mzuka, ni neno moja. Akimwita mzimu, ni neno jingine kabisa, maana mzimu katika lugha yetu ni wa kuogopwa na kutambikiwa.

Wengine watasema: Basi, ipigwe marufuku kabisa. Hatukubali. Habari ya Sauli aliyekwenda Endori usiku kwa mwanamke mwenye pepo wa utambuzi imo katika Biblia, nasi huisoma mbele ya watoto. Tofauti ni hii: Sauli alitoka pale akiwa amevunjika moyo kuliko alivyoingia. Tena katika Luka 16 yule tajiri aliomba mfu atumwe kwa ndugu zake, akakataliwa. Kijana aliyefundishwa habari hizo ana kipimo mkononi. Wala hamu inayoonyeshwa katika sinema si ya kudharauliwa. Tumesimama makaburini mara nyingi, tukamsikia mjane akisema na jeneza kana kwamba mumewe asikia, wala hatukumkemea.

Mwaka 2025 ilitoka sinema nyingine ya namna hii, Eternity, nayo ikapewa alama ile ile ya miaka 13. Mwanamke aliyefariki apewa juma moja achague atakaa milele na mume yupi: yule aliyeishi naye miaka 65, au yule wa kwanza aliyekufa vitani. Masadukayo walimletea Bwana wetu swali kama hilo, nao walitaja waume saba! Sinema hiyo ina makosa yake, lakini hatujasikia mtu wa Ufipa aliyeuza ng'ombe ili amlipe mtu amchagulie mume wa ahera. Alama ni moja, lakini hatari si moja.

Kwa hiyo twamjibu mwalimu hivi. Walio chini ya miaka 13 wasiitazame Ghost. Wanafunzi wa kipaimara waliotimiza umri huo na waitazame pamoja naye, mchana, wazazi wakiwa wamekwisha kuambiwa, na ile sehemu ya udongo airuke. Oda Mae atakapoanza kusikia sauti, asimamishe picha, awaulize: Mbona aliyekuwa mwongo jana ameaminiwa leo? Asiwajibie haraka, awaache wabishane.

Lakini aliyezika baba au mama mwaka huu asionyeshwe, hata akiwa na miaka 17. Mwalimu azijua nyumba za wanafunzi wake. Huyo amwendee kwao kabla ya siku hiyo, akae naye, amsikilize.