MBIO ZA FARASI NA KAMARI: TUSIVICHANGANYE

Bismillahi Rahmani Rahim.



Kuna swali ambalo vijana wanauliza, nalo lina haki ya kujibiwa: ikiwa Mtume (s.a.w.) mwenyewe alishindanisha farasi, kwa nini Mwislamu anakatazwa kuwekea farasi pari? Wazee wengine, kwa kuogopa kamari, hujibu kwamba mbio zote ni haramu. Jibu hilo si sahihi. Na kijana akigundua kwamba si sahihi, atadharau hata katazo lililo la kweli.

Tuanze na mbio zenyewe. Bukhari amepokea kutoka kwa Abdallah bin Umar kwamba Mtume alishindanisha farasi waliozoezwa kutoka Hafya mpaka Thaniyatul-Wadaa, kiasi cha maili tano au sita, na wasiozoezwa kutoka hapo mpaka msikiti wa Bani Zurayq. Ibn Umar mwenyewe alikuwa mmoja wa walioshindana. Zawadi nayo inaruhusiwa: kiongozi au tajiri akitoa mali yake ampe atakayeshinda, wanazuoni hawaoni ubaya, kwa maana aliyeshindwa hakupoteza kitu.

Pari ni jambo lingine. Fanyeni hesabu. Watu 100 watoe franga 1,000 kila mmoja: ni 100,000. Mwenye kibanda aondoe kwanza sehemu yake, tuseme 20,000. Zinabaki 80,000, wagawane wachache. Kundi zima limekwisha kupoteza kabla farasi hajainua mguu, na anayefurahi anafurahia feza iliyotoka mfukoni mwa mwenzake. Hiyo ndiyo maysir iliyokatazwa katika Suratul-Maida, aya ya 90 na 91, na sababu zimetajwa humo: uadui, chuki, na kuzuiwa na sala. Huko Douala na Ouagadougou watu huwekea pari farasi wanaoshindana Ufaransa, ambao hawatawaona maisha yao yote. Hapo farasi hayupo tena. Imebaki kamari tupu. Na pari ya mpira inayochezwa katika mitaa yetu ni ndugu yake wa tumbo moja.

Atasema mtu: bila pari mbio zitakufa, na watunza farasi watakosa kazi. Hoja hii tusiicheke. Suratul-Baqara, aya ya 219, inakubali kwamba kamari ina faida kwa watu, ila dhambi yake imeishinda faida yake. Tazameni nchi ya Kenya (si komini yetu ya Kenya). Mbio za farasi zililetwa Nairobi na walowezi mwanzoni mwa miaka ya 1900, na uwanja wa Ngong ukafunguliwa mwaka 1954. Pari ilikuwepo, lakini haikuufanya mchezo ule kuwa wa raia wote. Ilipoenea pari ya mpira kwa simu, baada ya mwaka 2010, wapenda kamari walipata mlango wa karibu zaidi. Anayefuata kamari hamfuati farasi.

Dubai nako, mbio kubwa za Dubai World Cup zilianzishwa mwaka 1996 bila pari uwanjani, na zawadi yake imefika dola milioni 12. Lakini tuseme kweli: nyuma yake kuna watawala wenye mali. Hapa Katanga mbung'o na visubi ni adui wa farasi tangu zamani, chakula na daktari wake ni ghali, na jina la Cercle Hippique linajulikana kuliko farasi wenyewe. Basi nani alipe? Akitaka tajiri kwa hiari yake, alipe. Lakini kama mchezo hauwezi kuishi ila kwa feza ya baba ambaye watoto wake wamefukuzwa shuleni kwa kukosa minervali, ni heri usiwepo.

Njia nyingine ipo. Kisiwani Lamu, wakati wa Maulidi, hushindanishwa punda, wanyama walewale wanaobeba mizigo ya watu kila siku. Haihitaji mali ya mfalme, wala haihitaji mtu apoteze.

Kwa hiyo, wazazi, tuwaambie vijana ukweli mzima: mbio ni halali, zawadi ya mtoaji ni halali, pari ni haramu. Kisha tuwape pa kushindana, kwa miguu, kwa baiskeli, kwa mpira, na zawadi itoke mifukoni mwetu. Kijana anapenda kushindana. Tukimnyima uwanja, kibanda cha pari kitampokea.

Wallahu aalam. Wabillahi tawfiq.