Je, Hadithi za Kutunga ni Uwongo?

Wazazi wengi wananung'unika kwamba watoto wao wanapoteza saa nyingi juu ya vitabu vya picha na vitabu vya maajabu. Wanasema: "Pete yenye nguvu, panya wenye kuvaa makoti, mambo hayo hayakutokea hata siku moja. Basi ni uwongo, na uwongo ni dhambi." Neno hili si la kudharau. Amri ya nane haikusema kwamba uwongo wa kitabuni umeruhusiwa. Siku hizi tumesoma vitabu vinne vya namna hiyo, na tunataka kulipima neno hilo.

Kwanza tujue uwongo ni nini. Mwongo anataka mwenzake aamini jambo lisilo la kweli. Bibi anayewasimulia wajukuu habari za Sungura na Chui hamdanganyi mtu, maana hakuna mtoto anayekwenda porini kumwomba Sungura shauri. Kutunga, basi, si kudanganya. Lakini mtu aweza kuchora nchi ya kweli, na mto wa kweli, na miti ya kweli, na bado akadanganya.

Tazameni kitabu cha kwanza, Tintin au Congo. Hergé, ambaye jina lake hasa ni Georges Remi, alianza kukichora mwaka 1930 katika gazeti la watoto la Bruxelles. Gazeti hilo lilikuwa sehemu ya gazeti la Wakatoliki. Tuseme hivyo bila kuficha. Alikuwa kijana wa miaka 23, na hakuwa ameiona Kongo. Nchi anayoichora ipo katika ramani. Lakini watu wake! Wanafanana wote, midomo mikubwa, Kifaransa chao kimevunjika, hawapendi kazi, na mwisho wanasujudia sanamu ya kijana Mzungu na mbwa wake. Mwaka 1946 alikichora upya kwa rangi. Darasani, Tintin alikuwa amewafundisha watoto weusi kwamba Ubelgiji ndiyo nchi yao. Sasa aliwafundisha hesabu. Nyuso zilibaki zile zile. Mwaka 2007 Mkongo mmoja aliyekaa Ubelgiji alikishtaki kitabu hiki, na mwaka 2012 mahakama ya Bruxelles ilimkatalia. Mambo ya sheria tunawaachia mahakimu. Sisi twauliza juu ya dhamiri. Mtoto wa Bruxelles aliyekisoma zamani zile hakuwa na jirani Mkongo wa kumwuliza: "Je, ninyi ni hivi?" Basi aliamini. Uwongo ulikuwa hapo.

Lakini haki ni haki. Mwaka 1934 Hergé alitaka kuchora habari za China. Padri aliyewatunza wanafunzi Wachina kule Louvain alimwomba aangalie sana asiwakosee, naye akapata urafiki na kijana Mchina, Tchang, mwanafunzi wa sanaa. Kitabu kilichotoka, Le Lotus bleu, ni kingine kabisa. Humo Tintin anayacheka mawazo ya kipumbavu ambayo Wazungu walikuwa nayo juu ya Wachina. Ila Wajapani bado walichorwa kwa ubaya. Mkono ulikuwa ule ule. Kilichobadilika ni kwamba safari hii alimwuliza mwenye nchi.

Kitabu cha pili ni Maus, cha Art Spiegelman wa Marekani, kilichotoka kwa sehemu mbili, mwaka 1986 na 1991. Baba yake, Vladek, Myahudi wa Poland, aliokoka katika kambi ya Auschwitz. Mwana alimhoji baba muda mrefu, kisha akachora maneno yake. Lakini katika picha Wayahudi ni panya na Wajerumani ni paka! Wanazi waliwatukana Wayahudi kwa jina la panya; mchoraji alilichukua tusi lile, akaonyesha kwamba chini ya uso wa panya umo moyo wa mtu. Tena hakumfanya baba yake mtakatifu. Mzee ni bahili na mgomvi. Siku moja anakasirika sana kwa sababu mtu mweusi amepewa nafasi ndani ya gari lao. Mtu aliyeteswa kwa ajili ya kabila lake anamdharau mwingine kwa ajili ya rangi yake! Mwana angaliweza kulificha jambo hilo, asilifiche. Basi, wasomaji, pimeni wenyewe. Kitabu kile kilichora watu, kikadanganya. Kitabu hiki kimechora panya, kimesema kweli.

Cha tatu kimetoka kwetu. Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani, alichora Madame Livingstone, kilichotoka mwaka 2014, kwa hadithi aliyoitunga pamoja na Christophe Cassiau-Haurie. Ni habari za vita vya kwanza vya dunia kwenye ziwa Tanganyika, ambapo Wabelgiji walikuwa wakiitafuta meli ya Wajerumani, Graf von Götzen. Meli ilikuwako kweli. Ndiyo ile iliyopewa jina la Liemba mwaka 1927. Kiongozi wa njia katika hadithi, mtu wa damu mbili anayejiita mwana wa Livingstone, ametungwa. Lakini ana akili yake, ana siri yake, ana huzuni yake. Hatumwoni akimpigia mtu magoti.

Cha nne hakina picha. Ni The Lord of the Rings cha J.R.R. Tolkien, Mwingereza, kilichotoka mwaka 1954 na 1955. Tolkien alikuwa Mkatoliki. Mama yake, mjane, aliingia Kanisa mwaka 1900, jamaa zake wakamkasirikia. Alipofariki mwaka 1904, padri mmoja ndiye aliyewalea wanawe wawili. Lakini ndani ya kitabu hamna kanisa wala padri. Kuna pete inayompa mwenye kuivaa nguvu ya kuwatawala wengine, nayo imefanywa na mwovu. Boromir, askari hodari, anataka kuitumia apate kuuokoa mji wake. Si mwizi. Anataka jambo jema kwa njia mbaya, na siku hiyo hiyo anamrukia mwenzake mdogo, Frodo, amnyang'anye. Baadaye anatubu, anakufa akiwalinda wadogo. Na Frodo mwenyewe, baada ya kuichukua pete mpaka kwenye moto wa kuiharibu, anashindwa kuitupa. Kinachowaokoa ni huruma ya zamani: adui mmoja aliyeachwa hai ndiye anayeanguka nayo motoni.

Je, pete hiyo haipo? Nchi yetu imewaona wangapi walioshika bunduki wakisema ni kwa ajili ya kuwaokoa wananchi? Na sisi wadogo, hatusemi: "Nipeni cheo kwanza, ndipo nitawasaidia watu"? Natani alimpelekea mfalme Daudi habari za tajiri na mwana-kondoo wa maskini. Daudi akamkasirikia tajiri yule, kumbe ni yeye mwenyewe aliyehukumiwa. Hadithi njema hufanya kazi hiyo. Hadithi mbaya humsifu msomaji, na kumwonyesha kwamba wajinga ni wale wa ng'ambo.

Wazazi, msivichome vitabu, wala msiwaachie watoto peke yao. Someni pamoja nao, halafu waulizeni mawili. La kwanza: kitabu hiki kimetufanya tumwone jirani vizuri zaidi, au vibaya zaidi? La pili: je, tumejiona wenyewe humo? Mtoto anayezoea kuuliza hivyo juu ya joka na pete, kesho atauliza hivyo juu ya gazeti, juu ya redio, na juu ya mtu anayehutubia sokoni.