Je, Mpokeaji Ana Haki ya Kudharau?



Mwaka 2024 maji ya ziwa Tanganyika yalipanda, yakaingia katika nyumba za watu hapa Kalemie. Tulikusanya nguo kuukuu kwa ajili ya waliokimbia maji. Mimi shemasi nilikaa kwenye meza ya kupokea. Mama mmoja mjane akaleta kikwembe. Nikakikunjua mbele ya watu, nikaona tundu, nikamrudishia. Akakikunja polepole, akaenda zake.

Mutaniuliza: Je, tuwagawie maskini vitu vilivyopasuka? Hapana. Mwenye shida naye ana heshima yake, kwa hiyo kuchambua ni lazima. Lakini tuchambue baadaye, mlango ukiwa umefungwa. Mezani kazi yetu ni kupokea kwa mikono miwili na kushukuru. Chenye tundu kitashonwa, ama kitakuwa kitambaa cha kupangusia.

Bwana Yesu alipotazama sanduku la sadaka (Marko 12), hakupima senti za mjane kwa bei ya soko. Sisi mashemasi si wenye mali, ni mikono tu.

Nilipokwenda kumwomba yule mama radhi, nilimkuta amejifunga kikwembe kile kile. Hakuwa na kingine.

Tujihukumu wenyewe. Amina.