Gari ni ya Nani?

Vijana wa Nairobi hubishana kuhusu pikapu jinsi wanavyobishana kuhusu Gor na AFC. Huyu ni Hilux damu, yule ni D-Max, mwingine anatoa simu akuonyeshe Land Cruiser ikivuka mto. Ukiuliza nani kati yenu ana pikapu, mnacheka na stori inabadilika. Basi nianze na swali dogo: mtu asiyemiliki gari ana haki ya kutoa maoni juu ya gari? Nikilijibu hilo ndio nitafika kwa lile kubwa.

Mtu mwenye maoni bora ya pikapu niliyewahi kusikia ni dereva wa familia ya abti yangu, yaani mjomba, kule Dagahaley. Ameendesha miaka 19 na hajawahi kumiliki hata baiskeli. Tunamwita Adeer, ambalo kwa Kisomali ni ndugu ya baba, ingawa hatuna undugu naye wowote.

Dagahaley ni moja ya kambi tatu za mwanzo za Dadaab, pamoja na Ifo na Hagadera. Zilifunguliwa mwaka 1991 na 1992 kwa ajili ya watu 90,000 waliokimbia vita Somalia. Kufikia 2011, mwaka wa ukame, watu walikaribia nusu milioni. Soko la Dagahaley ni soko kamili: nguo, simu, unga, nyama ya ngamia, miraa. Mzigo mwingi unapitia Garissa mjini, kama kilomita 100 kutoka Dadaab, na mvua ikinyesha hakuna anayejua utafika lini. Huko pikapu si fasheni. Ni tumbo la watu.

Adeer anasema hivi. Hilux za kisasa zinakimbia, hazinywi sana, na mgongo haukuumi. Lakini injini inatawaliwa na kompyuta na dizeli inasukumwa kwa presha kubwa, kwa hivyo ukitia dizeli chafu ya mitungi, nozeli zinakufa, na wa kuzipima yuko mbali. D-Max anaiheshimu kwa sababu inaunganishwa hapa hapa Nairobi na spea zake hazimhangaishi. Land Cruiser ya familia ina ile injini ya 1HZ: silinda sita, lita 4.2, haina turbo, pampu yake ni vyuma tu. Ni nzito, ni ya polepole, inakunywa kama ngamia aliyetoka safari. Lakini ikikohoa, makanika wa sokoni anaifungua kwa spana na kuisikiliza.

Kipimo chake ni kimoja: “Usiniambie inafika wapi. Niambie ikilala njiani saa nane usiku, nani ataiamsha.”

Swali dogo limejibika. Maoni hayahitaji logibuku. Mwenye karatasi anajua bei ya gari, na aliyelala chini yake anajua tabia yake. Sasa lile kubwa: kama Adeer anaijua gari hii kuliko sisi wote, anaitunza kuliko sisi wote, na ndiye anayeumia ikianguka, basi si yake kwa maana gani?

Usidhani jibu ni rahisi, kwamba gari ni ya abti. Pesa ni za abti, kweli, za miaka mingi ya duka. Lakini abti ni mkimbizi, na karatasi za mkimbizi zinafungua mlango mmoja na kufungiwa mwingine. Logibuku ina jina la jamaa yetu wa Garissa, Mkenya, ambaye hajawahi hata kuiwasha. Na abti akitaka kutoka kambini anahitaji kibali. Kwa hivyo kuna siku gari inapita kizuizi ikiwa na mzigo, na aliyeinunua amebaki Dagahaley akipiga simu kuuliza imefika wapi.

Hesabu basi. Mmoja ana pesa ndani ya gari lakini hana jina. Mmoja ana jina lakini hana senti ndani yake. Wa tatu hana jina wala senti, ana usukani. Kiswahili chetu hakisaidii kuwatenganisha. Hatusemi “namiliki gari” isipokuwa mbele ya hakimu. Tunasema “niko na gari”. Na aliye na gari, usiku na mchana, ni Adeer. Akiongea husema “gari yangu iko kwa fundi”, na hakuna anayemsahihisha.

John Locke, Mwingereza wa karne ya 17, alifundisha kwamba mtu akichanganya jasho lake na kitu cha asili kisicho na mwenyewe, kinakuwa chake. Ukisoma hapo unaona Adeer ameshinda. Soma mbele kidogo: Locke huyo huyo anahesabu nyasi zilizokatwa na mtumishi wake kuwa mali ya Locke. Jasho la mtumishi limehama kimya kimya hadi kwa bwana, kwa sababu kuna mshahara. Hapo ndipo dunia nzima imeegesha gari yake tangu siku hizo.

Je, mshahara unalipa kila kitu? Tarehe 13 Oktoba 2011 wafanyakazi wawili Wahispania wa Médecins Sans Frontières walitekwa nyara Dadaab. Dereva wao alipigwa risasi, akajeruhiwa. Wawili hao waliachiliwa Julai 2013, na dunia, kwa haki, ilishangilia. Lakini waulize watu leo wanakumbuka nini. Watakumbuka watekwa nyara wawili, labda na gari. Anayeshika usukani ndiye wa kwanza kukutana na kilichoko mbele ya kioo, na ndiye wa kwanza kusahaulika.

Nitakubali pingamizi moja kwa sababu ni la nguvu. Kama ujuzi na utunzaji vinampa mtu umiliki, basi yaya achukue mtoto aliyemlea na makanika achukue magari yote ya mtaa. Hapana, hatutaki hivyo. Lakini fikiria yaya aliyelea mtoto miaka saba, halafu mwisho wa mwezi anaambiwa asante, bahasha hii hapa. Amelipwa kila shilingi, na bado kila mtu sebuleni anaangalia chini. Tunaangalia chini kwa sababu tunajua kuna deni ambalo halikuandikwa popote.

Wafugaji wa kwetu wana mpango wao wa zamani. Mtu anamwazima jamaa yake ngamia wa maziwa. Maziwa ni ya anayemkamua, ngamia anabaki wa mwenyewe. Kumbe kitu kimoja kinaweza kugawanywa haki bila kukatwa vipande, na kati ya mwenye mali na kibarua kuna nafasi kubwa ambayo sisi wa mjini tumeiacha tupu.

Nilimpelekea Adeer hoja hizi zote. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema: “Adeer, mwenye gari ni yule anayeweza kuiuza. Mimi hii siwezi kuiuza hata nikipewa.”

Alidhani amenimaliza. Mimi naona amefungua jambo jipya. Jamaa wa Garissa anaweza kuiuza kesho asubuhi, sheria iko naye, na haiuzi, kwa sababu kwake ni amana. Abti ana haki ya kuiuza na hawezi bila sahihi ya mwingine. Gari hii imedumu kwa sababu kila mmoja ana kitu ambacho angeweza kukitumia vibaya, na hakitumii. Imani hiyo ndiyo inayoibeba kuliko springi zake. Adeer peke yake ndiye anaaminiwa kila siku lakini haulizwi chochote.

Maana mwaka huu abti anataka kuiuza anunue Hilux. Jamaa wa Garissa ameulizwa, kwa sababu sahihi yake inahitajika. Mimi nimeulizwa, mimi ambaye hata kubadilisha tairi ni shida. Adeer alisikia sokoni.

Simdai abti ampe gari. Nadai vitu viwili: aulizwe kabla ya bei kutajwa, na ikiuzwa apate fungu lake kando na mshahara, liandikwe, lisiwe zawadi ya Idi. Kumwita mtu Adeer hakugharimu kitu. Undugu wenye maana ni ule unaoonekana mali inapogawanywa, na mnunuzi anakuja Ijumaa baada ya swala.