Na Maji Hubebwa na Nani?

Kanisa la kijijini kwetu Kitui ni la udongo: fito, matope yaliyokandikwa kwa mikono, mabati juu. Sasa waumini wanachanga wajenge la mawe. Mimi, mtoto wa Nairobi, nilipinga. Nilikuwa nimelipiga picha, nikaziweka mtandaoni, na watu wakazipenda sana. Nilijiona mtetezi wa urithi.

Nikamsimulia Susu, nyanya yangu, kuhusu msikiti mkuu wa Djenné nchini Mali. Ulijengwa upya mwaka 1907 kwa matofali ya udongo, na kila mwaka mji mzima hutoka kuukandika tena. Ni sherehe kabisa. Vijana hupanda kuta na vikapu vya matope, mafundi wazee wakiwaelekeza.

"Na maji hubebwa na nani?" Susu akauliza.

Ni wanawake na wasichana. Kumbe hata huko.

Hapa kwetu maji huchimbwa mchangani, mto ukishakauka. Wanawake wa mwethya ndio wamekuwa wakiyabeba, kila mvua ikishamomonyoa kuta. Ni mikono ileile iliyochimba matuta Kitui na Makueni. Mimi naona ukuta mzuri. Susu anaona mgongo wake.

Halafu, ni mila gani hasa ninayoitetea? Wamisionari walipofungua kituo Nzaui, Makueni, mwaka 1895, Wakamba walikuwa na mathembo yao, mahali pa kuombea chini ya miti mikubwa. Huko hakuna aliyehitaji kukandika chochote. Kwa hiyo hata kanisa hili ni mgeni, ila tu limekaa sana.

Bado sitaki libomolewe, nakiri. Udongo wake ulitoka hapohapo, na ukianguka unarudi hapohapo. Matofali ya kuchoma yanakula kuni, na miti yetu imebaki michache. Lakini wapi nilipata haki ya kupiga kura juu ya kazi ambayo sijawahi kuifanya? Kupenda kitu kwa simu ni rahisi mno.

Nilimwambia Susu hivyo. Hakubishana. Akanipa mtungi wa lita 20 na kunionyesha njia ya mtoni.

Nilikwenda mara tatu. Nilipotua mtungi wa tatu, shingo ikiniuma, matope yalikuwa yametosha nusu ya ukuta wa nyuma, na akina mama walikuwa wananicheka.