Lesoni ya 8: Fedha za Watoto Ni Amana

SABATO ALASIRI

Jifunze kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Luka 2:22–24, 41–52, Luka 14:28–30, 1 Wakorintho 16:1, 2, Kutoka 35:20–29, 36:2–7, 2 Wafalme 12:4–16, 2 Nyakati 24:8–14, Marko 12:38–44, 2 Wakorintho 8:16–24.

Fungu la Kukariri: 2 Wakorintho 8:21. Darasa lisome fungu hili kwa pamoja kutoka katika Biblia.

Karibu kila kanisa lenye chama cha Watafuta Njia hufikia Sabato ambayo mkurugenzi wa chama anasimama mbele na kutangaza kwamba kambi imekaribia na fedha hazijatosha. Watoto wamekariri mafungu, wamejifunza kufunga kamba na kuwasha moto, na gwaride lao limenyooka. Kilichobaki ni nauli, chakula, mahema na sare.

Konferensi Kuu ilikikubali rasmi chama hiki mwaka 1950, nacho huwalea watoto wa miaka 10 hadi 15. Viongozi wake wanajitolea, hawalipwi mshahara. Zaka nayo haiwezi kugharimia kambi, maana hupelekwa konferensi kwa ajili ya kazi ya injili. Kwa hiyo chama huishi kwa ada ya wanachama, kwa bajeti ya kanisa mahalia, na kwa michango.

Mifano ya juma hili inatoka Kikuyu, katika jiji la Dodoma. Huko, katika benchi moja la kanisa, anaweza kuketi mtumishi wa serikali aliyehamia makao makuu, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana, mama lishe, na mkulima wa mtama na karanga. Watoto wao huvaa skafu ya aina moja, lakini mifuko ya wazazi hailingani. Swali la juma hili ni hili: kanisa litawachangiaje watoto hawa bila kumwacha hata mmoja nyuma, na bila kuwafundisha jambo baya katika kutafuta fedha ya jambo jema?

JUMAPILI
Mtoto wa Miaka Kumi na Miwili

Soma Luka 2:22–24 na 2:41–52. Familia ya Yesu ilikuwa na uwezo gani? Nani walisafiri pamoja naye kwenda Yerusalemu?

Yusufu na Mariamu walipomleta mtoto hekaluni walitoa ndege wawili. Torati iliagiza mwana-kondoo, lakini yule ambaye mkono wake haukufikia kondoo aliruhusiwa kuleta hua wawili au makinda mawili ya njiwa (Mambo ya Walawi 12:8). Na kwa sadaka ya dhambi, aliyekosa hata ndege aliweza kuleta unga (Mambo ya Walawi 5:11). Mungu aliweka ngazi yenye vipago vya chini, ili maskini naye apande. Hatusomi popote kwamba familia ya Nazareti ilizuiwa mlangoni kwa sababu sadaka yake ilikuwa ndogo.

Miaka kumi na miwili baadaye mtoto huyo yuko safarini kwenda kwenye sikukuu. Umri wake ni umri wa Mtafuta Njia. Anasafiri na msafara wa jamaa na wenyeji wao, na wazazi wanakwenda mwendo wa kutwa nzima bila hofu, wakidhani yumo miongoni mwa watu hao. Huo ndio uliokuwa msafara wa watu wa Mungu: mtoto wa mmoja alikuwa mtoto wa wote.

Basi mtazame mtoto wa Kikuyu ambaye mama yake anauza maandazi asubuhi. Amehudhuria mafunzo yote. Inapotangazwa kwamba asiyelipa hadi tarehe fulani hatakwenda, hamwambii mama yake. Anaanza kusema hapendi tena mambo ya gwaride. Viongozi wanaandika kwamba amelegea. Kumbe hakulegea, ameona aibu, akatafuta mlango wa kutokea kimya kimya. Chama kinaweza kufika kambini kikiwa na mahema mapya, na kumbe kimempoteza yule ambaye kambi ilikuwa kwa ajili yake.

Katika kanisa lenu, ni watoto gani waliacha chama? Je, kuna aliyewauliza sababu kwa upole?

JUMATATU
Kaa Kwanza Uhesabu

Soma Luka 14:28–30 na 1 Wakorintho 16:1, 2. Mafungu haya yanafundisha nini kuhusu wakati wa kuanza?

Yesu alizungumzia gharama ya kumfuata, na mfano aliouchukua watu waliujua: mjenzi aliyeanza mnara bila hesabu akachekwa. Paulo naye hakutaka changizo lifanyike siku atakapofika. Alitaka kila mtu aweke akiba kidogo kidogo, juma kwa juma, kwa kadiri ya kufanikiwa kwake.

Ushauri huo unafaa sana nchi ya Dodoma. Mvua huko ni ya msimu mmoja, kuanzia karibu Desemba hadi Aprili. Januari na Februari ghala la mkulima limepungua, jembe liko shambani, na shule zimefunguliwa. Ukimpelekea kadi ya mchango wakati huo, unamwomba aliyemaliza chakula. Baada ya mavuno, mtu yule yule anaweza kutoa kwa furaha.

Chukua mfano. Chama kina watoto 24, na kambi ya Desemba itamgharimu kila mmoja shilingi 60,000. Jumla ni shilingi 1,440,000. Fedha hiyo ikiombwa Novemba, itaogopesha. Lakini hesabu ikifanyika mwishoni mwa Mei, mzazi akaweka shilingi 1,200 kila juma kwa majuma 25, atakuwa amefikisha shilingi 30,000, yaani nusu. Wazazi wote wakiweza, zitabaki shilingi 720,000 za kutafutwa kwa kazi ya watoto na michango ya kanisa. Na kama inajulikana kwamba familia sita hazitaweza hata nusu hiyo, shilingi 180,000 zao ziingizwe kwenye bajeti tangu mwanzo, jumla ya kutafutwa iwe shilingi 900,000. Hapo mtoto wa mama wa maandazi hatakuwa tatizo la dakika ya mwisho. Nafasi yake imehesabiwa kabla hajaomba.

Je, bajeti ya chama chenu ina fungu kwa ajili ya mtoto asiyeweza kulipa, au husubiri huruma ya mtu siku ya safari?

JUMANNE
Mikono Iliyosokota

Soma Kutoka 35:20–29 na 36:2–7. Watu walileta vitu gani? Kwa nini Musa aliwazuia?

Changizo la hema ya kukutania ni la pekee katika Maandiko: watu walitoa mpaka wakaambiwa waache. Angalia jinsi walivyotoa. Wengine walileta dhahabu. Wanawake walisokota nyuzi kwa mikono yao wakaleta walichosokota. Mafundi walileta ustadi. Kila aliyesukumwa na moyo wake alikuwa na cha kuleta, hata asiye na dhahabu.

Watafuta Njia nao wana mikono. Wanaweza kukaanga na kufungasha karanga za Dodoma, kuuza ubuyu na zabibu za msimu, kuosha magari siku ya Jumapili, kupanda miche na kuiuza, au kufagia uwanja wa jirani kwa malipo yaliyokubaliwa. Kazi hizo zifanyike chini ya uangalizi wa watu wazima, zisiingilie masomo, wala mtoto asitumwe peke yake barabarani. Zisiingie katika saa za Sabato pia, hata kwa kupokea oda uani mwa kanisa. Nehemia aliwafungia wachuuzi malango ya Yerusalemu kwa sababu hiyo (Nehemia 13:15–22).

Njia nyingine hazifai hata kama zinaleta fedha haraka. Kanuni ya Kanisa haikubali bahati nasibu kuwa njia ya kuchangisha, wala hairuhusu mtu kuzunguka akiomba fedha kwa jina la kanisa bila idhini. Mtoto anayeuza tiketi ya bahati nasibu anafundishwa kwamba fedha huja kwa kubahatisha. Anayekaanga karanga, akapima kikombe kijae, akarudisha chenji sawasawa, anajifunza uaminifu kabla hajafika kambini.

Kazi gani ya halali katika mtaa wenu inaweza kufanywa na watoto pamoja na wazazi wao?

JUMATANO
Kasha Lenye Tundu

Soma 2 Wafalme 12:4–16 na 2 Nyakati 24:8–14. Mpango wa kwanza ulishindwaje? Mpango wa pili ulifanikiwa kwa sababu gani?

Mfalme Yoashi aliwaagiza makuhani wapokee fedha na kutengeneza nyumba ya Bwana. Ulipofika mwaka wa ishirini na tatu wa utawala wake, mabomoko yalikuwa bado hayajatengenezwa. Maandiko hayasemi kwamba makuhani waliiba. Fedha ilipokelewa, kazi haikuonekana. Hilo tu lilitosha kuharibu mambo. Ndipo kuhani Yehoyada akatwaa kasha, akatoboa tundu kwenye kifuniko chake, likawekwa mahali pa wazi. Lilipojaa, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu walihesabu pamoja, wakafunga fedha, wakawakabidhi wasimamizi wa kazi. Watu walipoona hivyo wakatoa kwa furaha.

Kuna jambo jingine hapo. Fedha ile haikutumika kwanza kutengeneza vyombo vya fedha vya hekalu, ingawa vyombo ni vitu vitakatifu. Vyombo vilitengenezwa kwa fedha iliyobaki, baada ya kazi iliyokusudiwa kwisha.

Hapa ndipo makanisa mengi hujikwaa. Fedha za Watafuta Njia ziko kwa mweka hazina. Paa la kanisa linavuja. Baraza linaamua kuazima, likiahidi kurudisha. Paa ni jambo jema, na hakuna aliyetia fedha mfukoni. Lakini Desemba inafika, deni halijarudi, na watoto waliouza karanga miezi sita wanaambiwa wasubiri mwakani. Mtoto huyo hatasema kwamba baraza liliazima. Atasema kwamba fedha zao zililiwa na kanisa. Huenda akiwa mtu mzima, akisikia neno sadaka, atakumbuka siku hiyo.

Fedha iliyotolewa kwa kusudi maalumu ni amana ya kusudi hilo. Ipokelewe kwa stakabadhi, ihesabiwe na watu wawili au zaidi, ipite katika vitabu vya mweka hazina wa kanisa, isikae kwenye simu ya mtu mmoja. Baada ya kambi taarifa isomwe, na watoto wenyewe waisikie.

Kama kanisa lenu limewahi kuazima fedha za watoto, zilirudi? Baraza linaweza kufanya nini sasa?

ALHAMISI
Mbele za Bwana na Mbele za Watu

Soma Marko 12:38–44 na 2 Wakorintho 8:16–24. Kwa nini Paulo hakubeba peke yake changizo la makanisa?

Paulo alikuwa mtume, na uaminifu wake Mungu aliujua. Hata hivyo alimtuma Tito pamoja na ndugu wengine wawili, mmoja wao amechaguliwa na makanisa, ili mtu asipate la kulaumu. Hakuona kuwa kuhesabiwa ni kutukanwa. Kiongozi wa kujitolea anayekasirika akiulizwa stakabadhi, akidai kwamba hata mshahara halipwi, angejifunza hapa. Kujitolea hakuondoi hesabu.

Upande wa watoaji nao una hatari. Katika harambee mara nyingi majina husomwa pamoja na viwango, aliyetoa laki hupigiwa makofi, na mjane wa elfu moja husomwa haraka. Yesu aliketi kuielekea sanduku la hazina akampima mjane kwa kipimo kingine. Wala habari ya mjane isitumiwe kuwakamua maskini. Mistari iliyotangulia inawashutumu wale waliokula nyumba za wajane. Yesu alimheshimu mtoaji, akawakemea wanyonyaji.

Kanisa linaweza kutangaza jumla bila kusoma viwango vya watu. Linaweza kupokea ahadi kwa bahasha, na anayeweza kumlipia mtoto wa mwenzake akafanya hivyo kupitia kwa mweka hazina, mtoto asijue ni nani, wala asidaiwe shukrani kila Sabato.

Harambee ya mwisho kanisani kwenu ilimwachaje yule aliyekuwa na kidogo?

IJUMAA
Kujifunza Zaidi

Tangu mwaka 1912, sehemu ya sadaka ya Shule ya Sabato katika Sabato ya kumi na tatu imekuwa ikitengwa kwa miradi ya mbali. Washiriki hutoa kwa watu wasiowajua, wakiamini kwamba fedha itafika kwenye kusudi lake. Imani hiyo hujengwa nyumbani, katika mifuko midogo kama wa Watafuta Njia. Mtoto aliyeona shilingi 1,200 ya mama yake ikiandikwa, ikatunzwa na kutumika kama ilivyoahidiwa, atatoa bila wasiwasi akikua.

Omba kwa ajili ya mkurugenzi na washauri wa chama chenu, kwa ajili ya mweka hazina, na kwa ajili ya mtoto mmoja unayemjua ambaye safari hii inaweza kumpita. Kisha ongea na mzazi wake kabla ya Sabato ijayo, faraghani.

Maswali ya Kujadili:

1. Soma Kutoka 30:11–16, ambapo tajiri na maskini walitoa kiasi kilekile, na ulinganishe na Kutoka 35:20–29. Ni michango gani ya chama inayofaa kulingana kwa wote, na ipi iachwe kwa kila mtu kama moyo wake unavyomsukuma?

2. Baraza la kanisa lina dharura ya kweli, na fedha pekee iliyopo ni ya Watafuta Njia. Darasa lingeshauri nini? Tumieni 2 Nyakati 24:14.

3. Kama fedha hazitoshi watoto wote 24, je, ni afadhali waende wachache kambi ya mbali, au waende wote kambi ndogo ya karibu? Jibuni mkiwa na Luka 2:44 mbele yenu.

4. Pangeni pamoja kalenda ya michango ya chama chenu kulingana na mavuno, mishahara na ada za shule za mtaa wenu. Mpeni mtu mmoja wa darasa jukumu la kuifikisha kwa mkurugenzi wa chama juma hili.