Ngano ya Warumi: Ilikuwa Haki au Hisani?

Kuna mas'ala ya tangu na tangu: apewapo fukara chakula, je, amepewa haki yake au amefanyiwa hisani? Wako wasemao kwamba hapana tofauti madhali tumbo limejaa. Sisi twaona tofauti ni kubwa, na ili kuibainisha tumeuchagua mji wa Roma ya kale, uliowagawia watu wake chakula kwa wingi wa kustaajabisha, na ambao habari zake zimeandikwa na wenyewe.

Mwaka 123 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, Gaius Gracchus, aliyekuwa amechaguliwa kuwatetea raia wa kawaida, alipitisha sheria kwamba raia wakaao mjini wauziwe ngano na dola kila mwezi kwa bei nafuu isiyobadilika. Mwaka 58 Clodius akaiondoa hata bei hiyo, ngano ikawa bure. Fungu la kila mtu lilikuwa modii 5, yapata kilo 33 kwa mwezi. Wapokeaji walifika 320,000. Julius Caesar akawapunguza hata wakawa 150,000, na zama za Kaisari Augustus wakawa 200,000 na kidogo. Ngano hiyo ilivuka bahari kwa marikebu kutoka Sisilia, Afrika ya Kaskazini na Misri.

Insafu yatulazimu tuseme kwamba hilo halikuwa jambo dogo. Raia aliyekwenda kupokea ngano hakumbusu mtu mkono. Jina lake limo daftarini, naye achukua kilicho chake. Lakini hebu wasomaji wetu na wamtazame Piso. Huyu alikuwa mtu mkubwa aliyewahi kushika cheo cha konsuli, naye aliipinga sheria ya Gracchus kwa nguvu zake zote. Sheria ilipopita, akaonekana amesimama kati ya watu waliokuja kuchukua ngano. Gracchus akamwuliza, imekuwaje? Piso akajibu kwamba hapendi mali yake igawanywe, lakini maadamu yagawanywa, naye ataka fungu lake.

Watu hukicheka kisa hiki, na sisi twaona ndani yake mna funzo. Kwa sheria Piso hakukosea, kwani sheria haikuuliza nani ana njaa, iliuliza nani raia. Tajiri aliweza kuandikwa; mjane hakuandikwa, wala binti yatima, wala mgeni, wala mtumwa.

Njia ya pili ilikuwa mlango wa tajiri. Alfajiri mtu huvaa toga, vazi la heshima la raia, hata likiwa limechakaa, akaenda kumwamkia bwana wake. Hapo hupewa kikapu cha chakula, au badala yake, kama walivyoeleza washairi Martial na Juvenal, vipande 100 vidogo vya shaba. Naye hulipa kwa kumfuata bwana huyo njiani, kumsifu mbele za watu na kumpigia makofi anenapo. Hapa njaa yake ilitazamwa, lakini alinunua shibe yake kwa uso wake. Na yule hohehahe kabisa, asiyemfaa tajiri hata kwa kumfuata nyuma, hakuwa na mlango wa kubisha.

Tena mtu haishi kwa ngano peke yake. Akiisha kuichukua alirudi kulala wapi? Katika majumba ya kupangisha, dari juu ya dari, na kadiri mtu alivyozidi ufukara ndivyo alivyozidi kupanda juu, mbali na maji, na mbali na njia ya kukimbilia moto unapozuka. Mwaka 44 kabla ya Nabii Isa, Cicero alimwandikia rafiki yake kwamba maduka yake mawili yameanguka na mengine yana nyufa, hata wapangaji wamehama, na panya nao wamehama. Akaongeza kwamba amepata shauri la kujenga litakaloigeuza hasara hiyo kuwa faida. Mwaka huo huo aliandika kitabu mashuhuri juu ya wajibu wa mwanadamu. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, ajapokuwa mwanachuoni.

Ama wanyonge wenyewe walifanya nini? Katika mji wa Lanuvium, karibu na Roma, lilipatikana jiwe lenye kanuni za chama chao, za mwaka 136 baada ya Nabii Isa. Mwenye kuingia alitoa sesterti 100, na kila mwezi asi 5, ambazo ni sesterti moja na robo. Naye akifa, chama kilimzika kwa sesterti 300. Mtumwa alikuwa mwanachama pamoja na wengine. Na kama mtumwa amekufa, bwana wake akakataa kwa dhulma kuitoa maiti, wenzake walimfanyia maziko bila ya maiti. Ni kweli kwamba aliyekaa miezi sita hakulipa alipoteza haki yake, nao walikuwa wanyonge wasioweza kumbeba kila mtu. Walakini walimwona mtumwa kuwa ni mtu mwenye kustahiki, jambo ambalo daftari la ngano halikulifanya.

Basi Warumi waliijua haki, na hisani waliijua, ila hawakuziunganisha. Haki walimpa raia hata akiwa ameshiba. Hisani walimpa mwenye njaa aliye na cha kulipa, japo ni sifa tupu. Mwenye njaa kwa kuwa ana njaa tu, hakuwa na fungu katika hizo mbili.

Yatupasa, tutoapo, tusikitazame kibaba kilichotoka mkononi mwetu peke yake. Na tujiulize: lau mtu huyu hana jina linalojulikana, hana sauti ya kutusifu mbele za watu, wala hatutamwona tena mlangoni petu, tungempa? Ajibuye ndiyo, huyo ameijua haki ya mwenye njaa. Na ajibuye siyo, naajue kwamba alichokitoa kilikuwa bei ya kitu, na kitu chenyewe amekwisha kukipokea.